Habari za Insha ya Hoja katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Mnamo mwaka 1642, katika mji mdogo wa Cambridge, koloni la Massachusetts, vijana tisa walisimama mbele ya wakubwa wa serikali na wachungaji wa kanisa ili ithibitike kwamba wamehitimu, na chombo cha kuthibitisha hayo kilikuwa ulimi. Chuo chao, ambacho leo kinajulikana duniani kote kwa jina la Harvard, kilikuwa na umri wa miaka sita tu. Karatasi ilikuwa ikiletwa kwa merikebu kutoka Ulaya, na lugha ya darasani ilikuwa Kilatini. Mwanafunzi mmoja alishika kauli, akawa ndiye mjibu, na wenziwe wakakaa upande wa pili kuipinga, kila pingamizi likipimwa kwa mizani ya mantiki, tangulizi mbili na natija yake, hata aliyesimamia mjadala akakata neno. Msomaji wa pwani yetu aliyepata kuhudhuria darsa ambamo wanafunzi huhojiana juu ya mas'ala ya fikihi mbele ya sheikh wao hatahitaji kuelezwa zaidi, kwani desturi hiyo ya munadhara ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika madrasa za Kiislamu karne nyingi kabla ya Harvard kuasisiwa. Wala hatahitaji kuelezwa yule anayejua namna Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walivyokuwa wakipelekeana beti, huyu akifumba na yule akifumbua, kila mmoja akiandika huku akijua kwamba jibu li njiani.

Nimeanza mbali hivi kwa makusudi. Siku hizi swali la namna ya kumfundisha mwanafunzi wa chuo kikuu kuandika hoja ya kitaaluma huulizwa kana kwamba ni swali la nahau na mpango wa aya, nami naona kwamba nchi iliyowalazimisha vijana wengi mno kulisoma somo hilo, yaani Marekani, ilimpoteza njiani yule mtu wa upande wa pili, kisha ikahangaika karne nzima kumtafuta bila ya kujua inamtafuta nani.

Katika karne ya 18 Kilatini kilianza kufifia, na mijadala ya Kiingereza ikaruhusiwa kusimama kando yake. Mfanyabiashara mmoja tajiri wa Boston, Nicholas Boylston, alipofariki mwaka 1771 aliacha wasia wa pauni 1,500 ili chuo kimweke mudarisi wa balagha na ufasaha wa kunena. Lakini fedha zile zilikaa miaka thalathini na zaidi bila ya mtu kuketi katika kiti chenyewe. Mwaka 1806 ndipo alipopatikana wa kwanza, naye hakuwa mtu mdogo: alikuwa John Quincy Adams, mwana wa rais wa pili wa Marekani na yeye mwenyewe rais wa sita baadaye. Alifundisha hadi mwaka 1809, akatumwa kuwa balozi Urusi, na mihadhara yake ikapigwa chapa mwaka uliofuata. Adams aliwafikiria wanafunzi wake kuwa ni wanenaji watakaosimama bungeni, mahakamani na mimbarini, mahali ambapo mtu hazungumzi peke yake hata akitaka.

Edward Tyrrel Channing, aliyekishika kiti hicho tangu mwaka 1819 hata 1851, ndiye aliyeanza kuyageuza mambo polepole, bila ya kelele, kwa namna ya mtu anayehamisha vyombo vya nyumba usiku. Chini yake ulimi ulirudi nyuma na kalamu ikatangulia. Ralph Waldo Emerson na Henry David Thoreau walipita mikononi mwake, na hayo yangetosha kumpa sifa mwalimu yeyote. Lakini insha iliyoandikwa chumbani na kukabidhiwa mwalimu ilikuwa kitu cha namna nyingine: aliyeisoma alikuwa mtu mmoja, naye hakuisoma ili aipinge, aliisoma ili aipime.

Baada yake akaja Francis James Child, mwanachuoni aliyependa mashairi ya kale ya Kiingereza na Kiskoti mapenzi yasiyo kifani, na ambaye kwa robo karne alilipwa mshahara wa kusahihisha insha za vijana. Alilichukia zoezi hilo. Mwaka 1876, chuo kipya cha Johns Hopkins kilipomwita aende huko, Harvard kiliogopa kumpoteza, kikamwondolea mzigo wa insha na kumpa cheo kipya cha profesa wa Kiingereza, naye akaenda zake kwenye mashairi yake, ambayo mkusanyo wake unasomwa hata leo. Katika kisa hicho kidogo imo desturi iliyokuja kutawala vyuo vya Marekani: mwenye cheo hupewa fasihi, na asiye na cheo hupewa insha.

Aliyekuja kubeba mzigo ulioachwa ni Adams Sherman Hill, mtu wa magazeti aliyewahi kufanya kazi katika *New York Tribune*, aliyeitwa mwaka 1872 na rais wa chuo, Charles William Eliot. Eliot alikuwa amekikuta chuo cha Kilatini na Kiyunani akataka kukifanya chuo cha zama mpya, ambamo mwanafunzi huchagua masomo ayapendayo. Na kwa kuwa lugha za kale zilikuwa zikishushwa enzini, Kiingereza sharti kipandishwe. Basi mwaka 1874 ukawekwa mtihani wa kuingilia chuoni: mtahiniwa aandike insha fupi juu ya mojawapo ya vitabu vilivyotajwa, vikiwamo *The Tempest* na *Julius Caesar* vya Shakespeare, na *Ivanhoe* cha Scott, naye atapimwa kwa tahajia, vituo, nahau na usemi. Hebu msomaji airudie orodha hiyo ya vipimo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kijana aonyeshe hoja, wala kwamba aseme jambo ambalo mtu mwenye akili angeweza kulikataa.

Matokeo yalikuwa mabaya. Miaka ikapita na karibu nusu ya watahiniwa wakawa wanaanguka, nao walikuwa watoto wa shule zilizosifika kuliko zote nchini. Hill akasema kwamba shule za chini ndizo zenye kosa. Na hadi zitakapojirekebisha, chuo sharti kifanye kazi yao. Hivyo mwaka 1885 somo lililoitwa English A likawekwa kuwa faradhi kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kabla ya karne kwisha, masomo mengine yote yalipokuwa yamefanywa ya hiari, hilo likabaki karibu peke yake katika ufaradhi. Vyuo vingine vikaiga, maana Harvard kilipopiga chafya nchi nzima ilitafuta leso, na kwa njia hiyo jambo lililoanza kama dawa ya muda likawa chakula cha kila siku.

Juu ya mafunzo yenyewe nitasema kidogo, kwa sababu hayakuwa na mengi. Kutoka Scotland kulikuwa kumekwisha kuja kitabu cha Alexander Bain wa Aberdeen, kilichotoka mwaka 1866, kilichoieleza aya kana kwamba ni mashine: iwe na umoja, sentensi ya mwanzo itangaze maudhui, na zinazofuata zishikamane nayo. Vitabu vya kufundishia vikaigawa insha yote katika mafungu manne, yaani wasifu, masimulizi, ufafanuzi na hoja, na hoja ikawekwa mwisho, mahali ambapo muhula aghalabu humalizika kabla ya kufikiwa. Kilichobaki ni wino. Walimu vijana waliandika pambizoni alama za mkato zilizokubaliwa, moja kwa tahajia, moja kwa vituo, moja kwa sentensi iliyovunjika, na mwanafunzi akaipokea karatasi yake imepambwa mithili ya kanga, asijue kama aliyoyasema yalikuwa kweli au uongo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wasimamizi wa chuo waliunda kamati ya watu watatu kuichunguza hali hiyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mwalimu wa insha: Charles Francis Adams wa pili alikuwa ametoka kuongoza kampuni kubwa ya reli, E. L. Godkin alikuwa mhariri, na wa tatu alikuwa Josiah Quincy. Wakakusanya insha kwa mamia, wakazisoma, wakashtuka, wakatoa ripoti iliyozilaumu shule za sekondari na kusema kuwa ni israfu kwa chuo kikuu kufundisha mambo ya watoto. Na huyu Adams, tukumbuke, alikuwa mjukuu wa yule Adams aliyekuwa wa kwanza kuketi katika kiti cha Boylston. Babu aliwafundisha vijana namna ya kushindana kwa maneno mbele ya watu. Mjukuu, miaka themanini na kitu baadaye, alihesabu makosa yao ya tahajia.

Walakini ndani ya miaka hiyohiyo lilitukia jambo ambalo kamati haikuliona, na ambalo mimi naliona kubwa kuliko ripoti nzima. Mwaka 1888 alifika Harvard kijana mweusi wa miaka ishirini, mzaliwa wa Great Barrington katika jimbo hilohilo la Massachusetts, aliyekuwa amekwisha kupata shahada katika Chuo cha Fisk huko kusini. Jina lake William Edward Burghardt Du Bois. Ilipofika siku ya kuandika insha yake ya kwanza ya Kiingereza, seneta mmoja wa jimbo la Alabama alikuwa ametoka kuchapisha makala ya kuwatukana watu weusi katika jarida mashuhuri. Du Bois hakuhitaji kupewa mada. Alimshambulia seneta yule kwa nguvu zake zote, bila ya kujizuia, kama yeye mwenyewe alivyokuja kusimulia uzeeni. Na insha ile ndefu yenye moto ikamrudia na alama ya E, maana yake hakufaulu.

Tusifanye haraka kumhukumu mwalimu wake. Huenda sentensi zilikuwa za hovyo kweli. Kijana aliyekasirika huandika kama anayekimbia mvua. Lakini mtu huyu alikuwa na kitu ambacho wenziwe waliokuwa wakiandika juu ya Shakespeare hawakuwa nacho: alikuwa na mshindani hai, mwenye jina, aliyesema jambo ambalo lazima lijibiwe, na chuo hakikuwa na safu ya alama ya kupimia hilo. Du Bois mwenyewe alilipokea kwa hekima iliyopita umri wake. Hakusema kwamba ameangushwa kwa rangi yake, wala hakuiacha ghadhabu yake. Alitambua kwamba maudhui yaliyo bora yakivaa lugha mbaya hayafiki mbali, na mwaka 1890 akajiandikisha kwa hiari katika somo la English 12 la Barrett Wendell, ambamo wanafunzi waliandika kijipande kila siku, na mwalimu akichagua vilivyompendeza na kuvisoma mbele ya darasa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Du Bois aliandika kwamba analisoma somo hilo kwa sababu anaamini analo la kuwaambia walimwengu, naye anataka kulisema vema. Wendell alilichagua fungu hilo, akalisoma kwa sauti, na mwanafunzi akafurahi furaha isiyofichika.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1895, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya Harvard. Tasnifu yake, juu ya namna biashara ya watumwa kutoka Afrika ilivyokatazwa Marekani kwa sheria na kuendelea kwa vitendo, ilitoka mwaka 1896 ikiwa kitabu cha kwanza katika mfululizo wa masomo ya historia wa chuo hicho. Humo hasira ya insha ile ya kwanza ingalimo, lakini imefungwa ndani ya sheria, tarehe na orodha za merikebu, kiasi kwamba anayetaka kuikanusha sharti aanze kwa kuzikanusha kumbukumbu za bunge lake mwenyewe. Kama kuna mtu anayetaka kujua hoja ya kitaaluma ni nini, na aisome kazi hiyo kabla ya kusoma kitabu chochote cha kanuni.

Katika Harvard hiyohiyo mwalimu mmoja kijana, George Pierce Baker, alikuwa akijaribu kumrudisha mshindani darasani kwa njia ya taratibu. Kitabu chake cha kanuni za kuhoji kilitoka mwaka 1895. Kwake mwanafunzi hakuandika neno la insha mpaka amekwisha kuchora muhtasari mfano wa ule wa wakili: asili ya swali ni nini, maneno yake yana maana gani, pande mbili zinakubaliana wapi, na wapi ndipo hasa zinapogongana. Hapo zinapogongana ndipo mahali pa kuandikia. Mengine ni maneno ya kujazia. Njia hiyo ilifaa, lakini ilihitaji mwalimu akae na mwanafunzi mmoja mmoja juu ya muhtasari wake, na Baker mwenyewe baadaye moyo wake ulihamia kwenye tamthilia, ambako mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Eugene O'Neill.

Idadi ndiyo iliyoiua kila njia njema. Mwezi wa Januari 1912 jarida jipya la walimu wa Kiingereza, *English Journal*, lilifungua toleo lake la kwanza kwa makala ya Edwin Hopkins wa Chuo Kikuu cha Kansas, ambaye katika kichwa cha makala aliuliza kama inawezekana kufundisha insha vizuri kwa hali iliyopo. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa na neno moja tu: La. Kisha akaeleza kwa hesabu: mwalimu akipewa wanafunzi wengi hivyo, na kila mmoja akiandika maneno mengi hivyo kwa juma, saa za kusoma zinapita nguvu za mwanadamu, na kinachowezekana katika saa zilizobaki ni kupitisha kalamu juu ya makosa yanayoonekana upesi. Kosa la tahajia huonekana kwa nukta moja. Hoja iliyovunjika huhitaji nusu saa na mazungumzo. Naamini hesabu hiyo ya Hopkins inaeleza mengi katika habari za wino mwekundu kuliko nadharia zote za walimu.

Kwa nusu karne iliyofuata sioni jambo la kutuchelewesha, ila moja lililotoka ng'ambo. Mwaka 1958 Stephen Toulmin, mwanafalsafa Mwingereza aliyekuwa akifundisha Leeds, alitoa kitabu cha kudai kwamba mantiki ya vitabuni hailingani na namna watu wanavyohoji kweli, mahakamani au maabarani. Mtu hutoa dai, akaulizwa ushahidi. Akautoa, akaulizwa unafikaje kutoka ushahidi huo hadi dai hilo. Akaeleza, akaulizwa je, hakuna hali ambayo dai halisimami? Ukitazama vizuri utaona kwamba kila sehemu ya hoja kwake ni jibu la swali la mtu mwingine. Wanafalsafa wa kwao walimpokea kwa ubaridi. Walimu wa Marekani wanaofundisha mijadala wakamkumbatia mara moja, tangu mwaka 1960, na leo mchoro wake umejaa katika vitabu vya mwaka wa kwanza, aghalabu ukiwa umegeuzwa vijisanduku vya kujaza, na muulizaji amekwisha kufutwa.

Sasa na tuhamie New York, Harlem, kwenye City College, chuo kilichoasisiwa mwaka 1847 ili watoto wa wasionacho wasome bila ya ada. Ingawa mitaa iliyokizunguka ilikuwa ya watu weusi na ya Wapuertoriko, ndani yake walikuwa wachache. Na mwezi wa Aprili 1969 wanafunzi wa jamii hizo waliyashika majengo ya kusini ya chuo na kuyafunga. Mapambano hayo yaliharakisha uamuzi: kuanzia mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji, ambacho City College ni sehemu yake, kikafungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari mjini humo. Wakaingia maelfu ambao hawakupata kuandika kurasa mbili mfululizo maishani mwao, na walimu waliozoea kufundisha washairi wa karne ya 17 wakazipokea karatasi zao kwa fadhaa, wengine wakisema waziwazi kwamba watu hawa hawafundishiki.

Mina Shaughnessy hakusema hivyo. Alikuwa mwanamke mzaliwa wa mji wa migodi wa Lead, South Dakota, binti wa mchimbaji na mwalimu, aliyefika City College mwaka 1967 na kukabidhiwa masomo ya kuandika ya wanafunzi hao, katika mpango ambamo walifundisha pia washairi kama Audre Lorde, June Jordan na Adrienne Rich. Alizichukua insha zipatazo 4,000 ambazo wanafunzi wapya walikuwa wameziandika siku za kupangiwa madarasa, tangu mwaka 1970 hadi 1974, akazisoma kama mtabibu anavyosoma dalili, akitafuta kila kosa limetokana na fikira gani. Akaona kwamba makosa hayakutapakaa ovyo. Mwanafunzi alikuwa amejitungia kanuni, na kanuni ile ilikuwa na akili yake. Aliyekosea mwisho wa kitenzi alikuwa akifuata utaratibu wa usemi wa kwao, au alikuwa ameitumia kanuni ya mwalimu kupita mpaka wake. Kitabu chake, *Errors and Expectations*, kilitoka mwaka 1977, na jina alilolipa fani hiyo, la uandishi wa msingi, likashika nchi nzima.

Hata hivyo kitabu hicho kina jambo linalohuzunisha, nami silitaji ili kumpunguzia heshima. Sura zake nyingi ni za mwandiko, vituo, sintaksia, makosa ya kawaida, tahajia na msamiati. Sura moja tu, iliyo karibu na mwisho, ndiyo inayovuka sentensi na kuingia katika hoja. Humo ndimo nilimoona akifikia kiini. Mwanafunzi anayeanza, asema, hutoa kauli kisha akaiacha, kwa sababu hajazoea desturi za wanazuoni za kudaiana ushahidi. Na mimi nikaongeza moyoni kwamba mtu huyohuyo, mtaani kwake, angeipigania kauli hiyo saa nzima mbele ya rafiki mbishi. Kwenye karatasi rafiki yule hayupo, na anayesoma ni mwalimu anayetafuta herufi iliyosahauliwa. Shaughnessy alijua hivyo, lakini zile insha 4,000 zilikuwa mbele yake, na wanafunzi walitakiwa kufaulu mwaka uleule.

Muda aliopewa ulikuwa mfupi. Mwaka 1976 jiji la New York lilipokaribia kufilisika, walimu wengi waliachishwa kazi, na ada ikatozwa kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1847. Shaughnessy alifariki kwa saratani mwezi wa Novemba 1978, akiwa na miaka 54. Mwaka 1999 baraza la Chuo Kikuu cha Jiji lilipitisha kwamba masomo ya kuwaandaa wasiojua kuandika yaondolewe katika vyuo vyake vya shahada ya miaka minne, na waliokuwa wakiyahitaji wakaelekezwa kwenye vyuo vya miaka miwili.